Sauti Iliyomtoa Bi Naima Barazani

Nabeti jogoo wangu, yule mwekundu anayewafukuza mpaka mbwa wa jirani, kwamba hakuna atakayeniamini. Na msiponiamini jogoo anabaki wangu, maana mwenye kubeti ni mie na mwenye kuhukumu ni mie. Sie wajanja ndivyo tunavyobeti.

Naitwa Godlisten. Kiingereza chote ninachokijua kimo humo humo kwenye jina. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe ndiyo iliniacha mie, hatujawahi kukaa chini tukaelewana. Lakini njoo Mtoni Kijichi uulize nani alikuwaga anatafsiri filamu kwenye banda la video la Mama Bernadeta. Watakwambia Godi. Za Kichina, za Kihindi, za Kikorea, zote nilikuwa nazitafsiri laivu na maiki mkononi, na hakuna hata lugha moja kati ya hizo niliyokuwa naielewa. Mchina anafungua mdomo, mie naisoma sura yake, nampa maneno. Kuna filamu moja nilimwozesha jambazi kwa dada wa polisi, banda zima likalia. Akatokea jamaa mmoja kaiona kwingine, anasema yule siyo dada mtu, ni mama yake. Nikamwambia basi braza toka nje ukatafsiri ya kwako.

Simu zikaliua banda. Kila mtu ana sinema mfukoni, nani aje kukaa kwenye benchi la Mama Bernadeta? Yule mama ni mjane, mkimya, anavaa rozari juu ya kitenge, na akiamua kitu kimeamuliwa. Siku moja akaitoa tivii nje, akatandika mikeka, akaweka kigoda kimoja mbele, ukuta akaupaka bluu. Juu ya mlango akaandika UTAMU KOLEA.

"Watu wana picha za kuwatosha," akaniambia. "Hawana mtu wa kuwasimulia."

Nikamcheka. Miezi haikupita mingi, Jumamosi baada ya isha mtu anakosa pa kuweka mguu. Vijana, wamama na watoto mgongoni, walimu, mafundi, wote wanakuja kusikiliza mdomo mtupu. Mie kazi yangu ilikuwa kuwachekesha kwanza, kuwapasha moto. Na nilikuwa nawapasha kweli. Lakini wa kuwazizimisha alikuwa mwingine, na huyo ndiye ninayetaka kumsema hapa.

Anaitwa Mwanakombo. Mchana anafua jezi. Timu zote za ndondo, mpira wa mtaani, za huku kwetu zinampelekea magunia ya jezi zikiwa na tope na jasho, na yeye anazitoa zinanukia kama za kwenye duka. Mume alihamia Kigamboni kwa mwanamke mwingine, na toka avuke lile daraja hajakumbuka njia ya kurudi. Mtoto Mungu hakumpa. Nyumbani kwake yuko na mama yake tu, Bi Naima, bibi mdogo kama kuku wa kienyeji, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka. Kutwa anakaa barazani anazipatanisha soksi za wachezaji, mbili mbili. Anakosea, Mwanakombo anazirudia usiku bila kumwambia.

Mie nikipita nampa heshima yake. "Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

"Nimekula bibi."

"Wewe si yule wa filimu? Una kelele wewe."

Kila siku hivyo hivyo, kama wimbo.

Sasa uone kamba za Mwanakombo jioni, upepo ukiingia kwenye zile jezi. Zinajaa, zinatuna vifua, zinanyoosha mikono. Wanaume kumi na moja wasio na vichwa wanakusubiri uani. Wachezaji wenyewe wanaogopa kwenda kuchukua jezi zao. Na yeye akikaa kwenye kile kigoda pale Utamu Kolea, hapigi kelele, hatoi macho. Anaongea taratibu kama anakuelekeza duka, na wewe unaanza kuikunja miguu isitoke nje ya mkeka.

Hadithi yake kubwa aliipata kwa Bi Naima, na Bi Naima aliitoa kwao Kisiju, kwenye mikoko. Mtoto aliisahau sauti yake kisimani. Zimwi la mikokoni likapita, likaiokota, likaivaa. Basi likawa linakaa kwenye tope na kumwita mama wa yule mtoto kwa sauti ya mwanawe: "Mama njoo. Mama njoo huku, nimezama mie." Mwanakombo akifika hapo anaiita kweli, kwa sauti ya kitoto. Nimewaona wanaume wenye ndevu wanashikana mikono.

Alikuwa na sharti moja. Hasimulii mchana. Umpe nini, umbembeleze vipi, jua likiwa juu hafungui mdomo.

"Hadithi ya mchana haina pa kulala," aliniambia mara ya kwanza. "Inazurura. Ikichoka inaingia kwa msimuliaji, inachukua mtu."

"Kwetu Rombo wanasema utaota mkia," nikamjibu. "Mie nimesimulia mchana utoto wangu wote. Mkia sina. Anayebisha aje akague."

"Akague nani mgongo wa Mchaga?" akasema. Tukacheka. Yeye alicheka kwa mdomo tu.

Zikaja mvua, watu wakapungua ukumbini. Mama Bernadeta akawa anaangalia mikeka mitupu halafu ananiangalia mie. Nikamwambia, Mama, hii ishu niachie. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimemrekodi Mwanakombo kwa simu, kwa siri, nikiwa nimejibanza nyuma ya pazia. Nikakata kile kipande cha kuita. Nikaishia pale pale mama anapoanza kuifuata sauti, ili watu wawashwe waje wasikie mwisho. Nikakitia kwenye flashi, nikamtafuta Mudathir. Huyu ni dereva wa bajaji, bajaji yake ina spika juu ya paa, huwa anatangaza mikutano na sumu ya panya.

Mchana wa Jumamosi, jua limerudi, tukaanza kuzunguka. Mie nasema kidogo kwenye maiki, "Leo leo Utamu Kolea, njoo ujue kilichompata," halafu naachia flashi. *Mama njoo. Mama njoo huku, nimezama mie.* Inaisha, inaanza tena yenyewe. Watoto wanakimbia nyuma, watu wanatoka madukani. Nikajiona bingwa. Mudathir peke yake ndiye alikuwa hana raha.

"Godi, hii kitu inanitisha hata mie ninayeendesha," akasema.

"Endesha we mwoga."

Tukakata kwenye kichochoro cha kwao Mwanakombo. Sijui hata nilifikiria nini, labda nilitaka asikie alivyo staa. Alitoka uani mbio, povu mpaka kwenye viwiko, akasimama mbele ya bajaji.

"Godi, zima hicho kitu!"

"Dada Mwana, si tangazo tu. Leo watajaa mpaka dirishani."

"Hiyo sauti ya nani?"

"Yako."

"Basi ninayesimulia mchana ni nani?"

"Flashi," nikamwambia. "Hadithi ikitaka mtu, ikamchukue kwenye familia ya flashi."

Mudathir akacheka. Mwanakombo hakucheka hata kwa mdomo. Alinitazama, macho yamekauka, akasema, "Godi, nakuomba." Nikazima. Nikamwambia yameisha dada. Akarudi uani kwenye mabeseni yake. Barazani Bi Naima alikuwa ameshika soksi moja ya kijani hewani, kainua kichwa, kama mtu anayesikiliza mlango. Nikampungia. Hakuniuliza kama nimekula.

Tukakata kona, nikawasha tena.

Tulishuka nayo mpaka kule chini, barabara inapoishia kwenye mkono wa maji wa Mzinga, mikoko inapoanzia. Mudathir akataka kuosha bajaji. Tukaosha taratibu, tunapiga stori, na spika juu ya paa tumeiacha inaendelea, inaita kuelekea majini. Halafu tukaizima, tukageuza, tukarudi kwa njia ya juu kwenda ukumbini kutandika mikeka.

Alasiri imepita kitambo, Mwanakombo akaingia Utamu Kolea. Mie nilijiandaa kutukanwa, nilishapanga na majibu. Hakutukana. Alisimama kwenye mkeka na viatu vyake, yeye ambaye huwa anawafokea wanaokanyaga mikeka, mkononi ana kandambili moja ndogo ya mama yake.

"Mama hayupo," akasema.

"Yuko kwa jirani," nikamwambia.

"Nimeuliza."

"Chooni?"

"Godi. Mama hayupo."

Bi Naima alikuwa hajavuka kichochoro kile miaka. Mguu wenyewe anauvuta. Mama Bernadeta akaacha ufagio, akaanza kusali palepale kwa midomo. Na mie, mtu niliyewapa Wachina maneno, nikatafuta neno moja la kusema, nikalikosa. Nikahisi mgongoni kwangu, chini kabisa, kitu kinanicheza. Wallahi nilipeleka mkono nikagusa. Ndiyo, mkia. Cheka tu, hukuwepo.

Tukagawana mitaa. Msikitini wakatangaza: bibi mfupi, khanga ya njano. Wachezaji wakatawanyika. Kila nyumba tuliyouliza, wakubwa walimtazama Mwanakombo, halafu wakatazamana. Mzee mmoja akasema wazi, "Si tumeisikia hadithi mchana kweupe? Sasa mnamtafuta wa nini?" Mwanakombo akapita kama hakusikia, ila ile kandambili aliikamata mpaka ikajikunja.

Dada mmoja anayekaanga mihogo kwenye kona ndiye aliyetupa jibu, bila hata kuacha kugeuza mihogo yake.

"Bibi wa khanga ya njano? Si alipita nyuma ya bajaji yenu. Yuko nyuma huko, anajivuta, anasema, 'Naja mwanangu, naja.' Nikajua ni maigizo yenu nyie wa Utamu Kolea. Nikampigia makofi."

Nilikaa chini kwenye lami.

Maana hapo ndipo nilipoiona yote. Kuna sauti ya mtoto, mtoto mwenyewe hayupo ndani yake. Kuna mtu kaiokota, kaivaa, anazunguka nayo anamwita mama wa watu kwenye tope. Mie nilikuwa siitangazi ile hadithi. Mie nilikuwa ndani yake, na mjue nilikuwa nani.

"Mliishia wapi?" Mwanakombo akauliza. "Godi! Spika ilinyamazia wapi?"

Mudathir ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini. "Kwenye mikoko, dada."

Tulishuka na bajaji sijui kwa mwendo gani. Jua lilikuwa limeinama lakini bado lipo, jekundu juu ya mikoko. Na maji yalikuwa yanajaa. Pale tulipooshea bajaji, mchana palikuwa tope kavu, sasa palikuwa na maji yanatambaa, yanaingia kwenye mizizi kimya kimya. Pembeni tukaiona kandambili ya pili. Kutoka hapo nyayo zinaingia ndani ya mikoko, moja imekanyaga, nyingine imeburuta. Mbele kidogo maji yameshazifuta.

Nikaikamata maiki. "Bi Naima! Bibi! Bibi njoo! Njoo huku!" Mikoko ikanirudishia, njoo huku, njoo huku, kutoka pande zote. Hata mie sikujua huku ni wapi.

Mwanakombo akaninyang'anya maiki. "Nyamaza! Unamwita kama zimwi!"

"Sasa tusimwite?"

"Hukuwahi kuusikia mwisho wewe? Kila Jumamosi uko nyuma ya pazia unahesabu waliokuchekea." Akaelekeza kidole kwenye mikoko. "Mtoto hamwiti mamaye njoo. Mtoto gani mwenye adabu anamwita mama yake njoo? Mama ndiye anayeita, mtoto anaitika. Zimwi halikujua hilo. Kwenye hadithi mama anakumbuka, anasimama, haendi tena, anamwita mwanawe kwa jina. Lakini wewe umeukata mwisho. Umemwacha anatembea."

Nikaelewa anachotaka kufanya. Na hapa mseme mnavyotaka, mie ndiye niliyemshika mkono.

"Dada Mwana, jua halijazama."

"Wewe si huna mkia?"

"Nisamehe. Subiri lizame kidogo tu. Usije ukaongeza balaa jingine."

Akatazama maji. Yalikuwa yameshafika kwenye tairi la mbele.

"Maji hayasubiri magharibi," akasema. "Na kwangu hakuna mwingine wa kuchukua."

Akapanda kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, akakaa kama anavyokaga kwenye kigoda, miguu pamoja, khanga kaibana magotini. Niliona anavyoogopa. Alifumba macho kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi.

"Paukwa," akasema kwenye maiki.

Mie na Mudathir tukatazamana. Hadithi haiendi bila kuitikiwa. "Pakawa," tukasema, sauti zetu kama za vifaranga.

Akaanzia palepale nilipokata mie. Taratibu, kama anavyosimuliaga. Akasema yule mama alikwenda, akakwenda, tope likamfika kwenye vifundo, likamfika magotini. Sauti inaita mama njoo. Mama akasimama. Akasema moyoni, huyu anayeniita ni nani? Mie mwanangu nimemlea. Mwanangu haniiti mie, mie ndiye nimwitaye. Ngoja nisimame hapahapa nisiinue mguu, nimwite kwa jina lake, nione ataitika wapi.

"Zima," akaniambia.

Nikazima.

Mie sijawahi kukaa kimya maishani mwangu, hata msibani huwa nanong'ona. Pale nilinyamaza mpaka nikasikia kaa wanavyotembea kwenye mizizi. Maji yanasema chup, chup. Mudathir anavuta pumzi kama mgonjwa. Jua liko palepale, halishuki. Hakuna kitu. Nikaanza kufikiria kesho asubuhi, kamba zikiwa na jezi na baraza ikiwa tupu. Hakuna kitu. Mwanakombo mdomo wazi, kichwa upande, vilevile kama mama yake alivyokuwa na ile soksi.

Halafu mbali, mkono wa kushoto, siyo kabisa upande tuliokuwa tunaangalia, kasauti kembamba, kenye hasira kidogo, kama mtu aliyechoka kumtuma mtoto dukani.

"Mwanakombo! We Mwanakombo!"

"Abee mama!"

Aliruka kutoka kwenye bajaji yuko majini tayari. Nikataka kupiga kelele bibi tunakuja, akanionyesha kidole, nyamaza. Yule akiita, huyu anaitika, na sie tunaifuata ile sauti kwenye mizizi. "Mwanakombo!" "Abee!" Maji kiunoni. "Uko wapi we mtoto?" "Abee mama, nipo!" Mara moja kukawa kimya kirefu, Mwanakombo akauma khanga yake asilie. Halafu tena, "Mwanakombo!", karibu, karibu kabisa.

Alikuwa amezama mpaka tumboni, kaukumbatia mzizi wa mkoko kwa mikono yote miwili. Khanga ya njano iko kichwani, kavu. Alikuwa hajainua mguu. Amesimama palepale, kama alivyoambiwa.

Tulimtoa na Mudathir, mzito wa tope, mwepesi wa mwenyewe. Mwanakombo alikuwa anamfuta uso kwa viganja, anamfuta tu, hata pasipo na tope. Mie nikasimama pembeni, nikasema ninachokijua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu." Akaniangalia vizuri. "Umekula?"

Nikalia kama mtoto. Mudathir anawaambiaga watu ni maji ya chumvi yaliniingia machoni. Ni rafiki mzuri yule.

Jumamosi ile Utamu Kolea haikufunguliwa. Iliyofuata Mwanakombo alirudi kwenye kigoda, baada ya isha, na Bi Naima kamketisha mbele kwenye mkeka, amemfunga ncha ya khanga yake kwenye mkono. Ukumbi ulijaa mpaka dirishani kama nilivyotabiri. Alipofika pale pa kuita, *mama njoo, nimezama mie*, yule bibi akainua kichwa akajibu kwa sauti, "Naja mwanangu." Watu wakaangua kicheko, wakajua ni sehemu ya mchezo. Mpaka leo wanacheka kila akijibu.

Mie sicheki. Nikisikia hapo huwa natoka nyuma ya pazia, nakwenda kusimama mlangoni, naweka mgongo kwenye ubao na nashika komeo mpaka amalize. Na mchana akipita mtu wa matangazo na spika yake, hata kama anauza sumu ya panya, nakimbia kwanza kwenye kile kichochoro niangalie baraza kama ina mtu.

Nilisema sauti ikishaingia kwenye flashi siyo hadithi tena, ni tangazo tu. Nilikosea.